Risaga ya Paa la Asbesto

Barua ilimfikia Bathsheba shambani, kikapu cha chai kikiwa mgongoni, akaisoma kwa kuinyoosha mbali na uso kwa sababu miwani ilibaki nyumbani. Ilitoka shule ya msingi ya pale mlimani, juu ya Keumbu, shule aliyosoma yeye, wakasoma watoto wake, na sasa wanasoma wajukuu. Jumapili saa tatu asubuhi, ilisema, wazazi na majirani wote wanaitwa kwenye risaga ya kubomoa paa kuukuu la madarasa sita. Kila mwanamume aje na nyundo yake. Wanawake waje na masufuria. Mabati mapya yamekwisha kupatikana, Mungu awabariki. Chini palikuwa na sahihi ya Mzee Manasseh, mwenyekiti wa bodi ya shule, na chini kabisa mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu: "Jasper atatuongoza huko juu."

Jasper ni kitinda mimba wa Bathsheba. Na paa lenyewe lilikuwa la asbesto.

Kwa asiyezaliwa huku kwetu, risaga ni kazi ya kusaidiana. Leo majirani wanakuja kwako na majembe, kesho wewe unakwenda kwa mwenzako, na malipo ni chakula na shukrani. Ni desturi nzuri, mimi mwenyewe nimekula ugali wake. Bathsheba naye amelimiwa kwa risaga mara nyingi, hasa tangu afiwe na mumewe, na ndiyo maana barua ile ilimchoma. Mwizi akikuvunjia mlango utapiga mayowe, majirani watakuja. Anayekuja kuwaiba hao majirani wenyewe, wema wao na mapafu yao, utampigia mayowe nani?

Bathsheba anaijua asbesto kuliko wengi wenye vyeti. Mumewe, Thadeus, alikuwa fundi wa paa. Miaka ile nyumba za wafanyakazi, za walimu na za wauguzi ziliezekwa kwa mabamba yale ya kijivu yenye mawimbi, na Thadeus ndiye aliyekuwa akiyakata kwa msumeno na kuyatoboa, kuanzia Keroka mpaka Ogembo. Jioni alirudi mweupe kutoka utosini hadi viatuni kama mtu aliyelala kwenye mashine ya kusagia unga. Watoto walimcheka, naye aliwafukuza uani akiwatisha kwamba ni mzimu. Bathsheba alilikung'uta koti lake mlangoni, akazifua nguo, yale maji akayamwaga kwenye sukuma wiki. Hakuna aliyewaambia kitu. Na msiniambie kwamba hakuna aliyejua, maana Bathsheba alikuwa akimpelekea mumewe chakula cha mchana na alijionea mwenyewe: msimamizi wa kazi alikuwa akisimama upande unakotoka upepo, kitambaa puani, akipiga kelele kutoka mbali.

Thadeus alianza kukosa pumzi wakati ambapo hata kazi ile alikuwa ameiacha zamani. Mara ya kwanza alipewa dawa za kifua kikuu, akazimaliza, hali ikawa ile ile. Akapewa tena. Kijijini watu wakaanza kunong'ona, wengine wakamtaja jirani asiye na hatia kwamba ndiye anayemroga. Miaka minne walizunguka hivyo, mpaka daktari mmoja kijana wa Kisii mjini alipoiinua picha ya kifua kwenye mwanga, akaitazama, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza: "Mzee alikuwa akifanya kazi gani?"

Akawaeleza kuhusu nyuzi. Bamba la asbesto likikatwa au kuvunjwa hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho, mtu akizivuta haziyeyuki wala hazitoki, zinabaki kifuani zikikivuruga taratibu. Thadeus alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kumbe nimetembea na mapaa ya watu kifuani." Alifariki mvua za vuli zilipoanza, miaka sita sasa imepita.

Baada ya mazishi Bathsheba aliibeba barua ya daktari akaenda kwenye ofisi moja kudai fidia. Karani alikuwa mpole. Aliuliza jina la mwajiri. Bathsheba akawataja wakandarasi wanne: wawili walikuwa marehemu, mmoja kampuni yake ilikwisha kufa, na wa nne alipopigiwa simu alisema hamjui mtu wa jina hilo. Vibarua hawakuwa wakiandikwa popote. Walichaguliwa asubuhi getini na kuachiliwa jioni. Karani alizifunga karatasi zake akasema, kwa upole ule ule, "Mama, kwa upande wetu hapa, mume wako hakuwahi kufanya kazi."

Miaka kumi na tisa juu ya mapaa ya watu, halafu hakuwahi kufanya kazi! Bathsheba aliikunja barua ya daktari akarudi nyumbani. Neno lile limemkaa rohoni hadi leo, na ukitaka kumwona akibadilika rangi, lirudie mbele yake.

Kwa hiyo siku ya barua ile chai ilibaki haijachumwa. Alinawa miguu, akavaa viatu, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Manasseh.

Manasseh si jambazi. Ni mzee wa kanisa, mtu wa sauti laini, na amewaombea wafu wa mlima ule mzima, Thadeus akiwemo. Alimpa Bathsheba kiti, akaagiza chai, na alipomsikia akiitaja asbesto alitabasamu kama mtu aliyejiandaa.

"Mong'ina," alisema, maana ndivyo tunavyomwita mama mwenye heshima zake, "usiwe na wasiwasi. Kila kitu kiko sawa. Hata mpango wa serikali tunao."

Akaleta faili. Sijui aliileta kwa nini, labda alidhani mama wa shamba huangalia mihuri tu. Bathsheba alifika kidato cha pili, na safari hii miwani alikuwa nayo. Akasoma. Mabamba yatalowanishwa kwa maji kabla ya kuguswa. Yatafunguliwa moja moja bila kuvunjwa. Yatafungwa kwa plastiki nzito na kupelekwa kuzikwa mahali palipoidhinishwa. Watakaofanya kazi watakuwa na leseni, watavaa mavazi ya kufunika mwili mzima na barakoa zenye chujio, na watapimwa vifua. Palikuwa na picha ya watu wamevaa meupe tangu kichwani, macho tu ndiyo yanaonekana.

"Hawa watu wako wapi?" akauliza.

"Hao ni wa kazi, mong'ina. Hii yetu ni risaga."

"Na mkandarasi aliyepewa hii kazi ni nani?"

"Nyamweya. Lakini anasema akiwangojea hao wa leseni tutachelewa mpaka muhula ujao, na watoto wananyeshewa. Sisi tukibomoa Jumapili, yeye Jumatatu anaezeka."

"Nyamweya alipewa kuezeka tu, ama kubomoa na kuezeka?"

Manasseh akakoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogwa. "Kubomoa na kuezeka," akasema.

"Sasa sisi ni akina nani wake?"

"Mong'ina, tafadhali. Usilete siasa katika mambo ya watoto."

Hapo ndipo penye ujanja wenyewe, na niruhusuni niuseme wazi kwa sababu unanichemsha damu kila nikiukumbuka. Nyamweya akileta wafanyakazi, lazima awavishe, awapime, aandike majina yao na awajibike. Akileta risaga hana mfanyakazi hata mmoja. Hahitaji barakoa, wala hahitaji daftari. Ana majirani tu, wenye nyundo zao wenyewe na uji wao wenyewe, na mwisho wa siku atawashukuru kwa maombi. Yaani aliketi mahali, akaiangalia desturi ya babu zetu kutoka kila upande, akaona ndani yake tundu la kupitia.

Kesho yake, Ijumaa, Bathsheba alikwenda Kisii kwenye ofisi ya afya na usalama kazini. Alimkuta afisa mmoja kijana anayeitwa Janat, binti wa wafanyabiashara wa pale mjini, mwenye hijabu ya kijivu na Kiswahili kinachoteleza. Cha Bathsheba ni cha shuleni, na akikasirika humkwama, lakini siku hiyo alikisukuma mpaka kikatoka. Janat hakumkatiza. Alipomaliza, Janat alisema, "Mama, sheria haijui risaga. Sheria inauliza kazi ni ya nani na nani yuko pale." Akampigia Nyamweya simu hapo hapo. Nyamweya akaitikia ndiyo, ndiyo, bila shaka, madam. Janat aliikata simu akaitazama.

"Simwamini," akasema. "Jumapili nitakuja mwenyewe. Saa mbili niko steji ya Keumbu. Kabla ya saa tatu tutakuwa huko juu."

Jumamosi, siku ya Sabato, Manasseh aliitangaza risaga kanisani baada ya mahubiri na watu wakasema amina. Bathsheba aliketi kwenye benchi, mikono imekunjana, hakusema amina. Jioni alimketisha Jasper jikoni. Jasper ana miaka ishirini na saba na ni fundi wa mabati, mikono ni ya baba yake mtupu.

"Niahidi," akamwambia. "Hupandi mpaka nifike na yule wa ofisi."

"Sawa, mama."

"Sema."

"Sipandi mpaka mfike."

Asubuhi yake saa moja na nusu Bathsheba alikuwa tayari Keumbu, amesimama kando ya wauza ndizi. Janat alifika saa mbili kamili. Wakapata pikipiki mbili, wakapanda mlima. Walipofika kwenye kona ya kiwanda kidogo cha tofali, kabla hata shule haijaonekana, Bathsheba alisikia nyundo, nyingi, zikigonga pamoja.

Hapo ndipo alipolijua kosa lake, na akalia kwa sauti juu ya pikipiki mpaka dereva akageuka kumtazama. Risaga haingoji saa! Ukiambiwa saa tatu, watu huanza saa kumi na mbili, kwa sababu anayefika saa iliyotajwa huonekana mvivu, na hakuna anayetaka kuonekana mvivu mbele ya majirani. Mtoto wa darasa la pili huku kwetu analijua hilo. Bathsheba ameishi nalo miaka sitini na moja. Lakini wiki ile alikuwa ameshinda na mafaili na watu wa ofisi, akaiamini saa iliyoandikwa kwenye karatasi.

Madarasa manne kati ya sita yalikuwa yamebaki mbao tupu. Wanaume walikuwa juu wakivunja mabamba kwa nyundo na kuvitupa vipande chini, na kila kipande kilichogonga ardhi kilitoa vumbi jeupe likapanda, likatanda, likatua kwenye migomba ya mwalimu mkuu. Chini wanawake walikuwa wakiokota. Bitutu, jirani wa Bathsheba, alikuwa na mtoto mgongoni na alikuwa amejipangia kando rundo zuri la vipande virefu vya kujengea nyumba ya kuku. Wengine walikuwa wakifagia kwa matawi. Sufuria kubwa ya uji ilikuwa kwenye moto hatua kumi kutoka hapo, haina kifuniko.

Jasper alikuwa juu kabisa, kwenye mwamba wa paa, leso imefungwa mdomoni.

Na Nyamweya alikuwepo. Alisimama getini karibu na pikapu yake, mbali na vumbi, amevaa barakoa. Si hizi za kitambaa tulizozoea wakati wa korona. Ilikuwa barakoa halisi ya mpira, yenye machujio mawili ya mviringo, mpya. Alijua! Alikwenda dukani, akachagua, akanunua moja, akaivaa, akaja kuwatazama watu mia wakivuta lile vumbi na midomo wazi wakiimba. Bathsheba anasema angemkuta bila barakoa huenda angemsamehe kwa ujinga.

"Shukeni!" alipiga kelele kwa Ekegusii. "Shukeni, hicho ndicho kilichomuua Thadeus! Jasper, shuka!"

Nyundo zilinyamaza moja baada ya nyingine. Janat aliinua kitambulisho chake, akatangaza kwamba kazi imesimamishwa. Hakuna kugusa kitu. Hakuna kufagia. Hakuna kuondoka na kipande. Uji umwagwe. Watu wakaguna kwa ajili ya uji.

Manasseh alikuja mbio, kofia mkononi. "Afisa, pole, kuna kutoelewana. Hapa hakuna mfanyakazi. Hii ni risaga. Hawa ni wazazi."

Nyamweya naye alikuwa amevua barakoa na kuificha nyuma ya mgongo. "Mimi sijaajiri mtu hapa," alisema. "Kazi yangu ni kesho. Leo nimepita tu kuwasalimu."

Hapa hakuna mfanyakazi. Bathsheba alikuwa amelisikia neno hilo kwa sauti ya karani mpole, na sasa alilisikia tena huku mwanawe akishuka ngazi, nyusi zake nyeupe.

Janat alimvuta kando. "Mama, kufunga mahali hapa naweza sasa hivi, na nitafunga. Lakini ninataka huyu bwana alazimike kuwapeleka hawa watu kupimwa, na majina yao yahifadhiwe, ili mmoja akiugua kuwe na wa kujibu. Bila maelezo yao atasema hawakuwa wake. Nataka kila mmoja aandike jina lake, kazi aliyofanya, na ni nani aliyemwagiza. Wakikataa, faili yangu itasema tu kwamba nilikuta paa limebomolewa."

Akafungua daftari kubwa juu ya dawati lililokuwa nje, akaweka kalamu juu yake.

Hakuna aliyesogea. Msiwalaumu haraka. Watoto wao wanasoma pale. Manasseh ndiye anayewazika. Na zaidi ya hofu ilikuwa aibu: risaga haiandikwi. Kuandikisha jina lako kwa ajili ya risaga ni kama kwenda kwenye msiba wa jirani halafu umdai nauli ya kwenda kulia. Wazee walitazama chini. Jasper alikuwa wa kwanza kusema, na alisema na mama yake, si na afisa.

"Mama, umenitia aibu."

"Uliniahidi."

"Wazee walikuwa wanapanda. Mzee Mose na magoti yake alikuwa anapanda. Ningekaa chini nikimwangalia?"

Ndivyo Bathsheba mwenyewe alivyomlea.

Jasper akashusha sauti. "Nyamweya amenipa kazi ya kuezeka. Madarasa yote sita, na baada ya hapa kuna shule nyingine kule Nyamira. Nikiandika jina kwa hiyo karatasi, kazi imekwenda."

Nyamweya aliyasikia, au aliyaona midomoni. Akaitikia kwa kichwa, kwamba ndivyo.

Kule kuitikia kwa kichwa ndiko kulikomtoa Bathsheba kwenye unyonge. Alipanda juu ya dawati lingine, mama wa miaka sitini na moja, sketi ya kanisani na viatu vya plastiki, akawageukia watu. Si msemaji. Kanisani huombwa kutoa shukrani akatafuta mlango. Lakini siku hiyo hasira ilimwongoza.

"Tuliambiwa hii ni risaga," alisema. "Sawa. Mimi risaga naijua. Mlinilimia mimi nikiwa na kaburi bichi uani, sitasahau. Risaga ni ya mtu asiyeweza. Nyamweya hawezi? Nyamweya ni mjane?"

Watu wakacheka, wengine wakijizuia.

"Na risaga ni zamu. Ukinilimia, nami nakulimia. Sasa niambieni. Bitutu, ulipojifungua mahindi yakamezwa na magugu, Nyamweya alikuja na jembe?"

"Hakuja," alisema Bitutu.

"Mzee Mose, ukuta wako ulipoanguka, Nyamweya alikuja kukanda udongo?"

"Huyo?" Mzee Mose akatema mate. "Hata kwangu hapajui."

"Nani hapa amewahi kulimiwa naye? Nani ana zamu naye? Inueni mkono." Hakuna mkono ulioinuka. Manasseh mwenyewe alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Basi hii si risaga. Hiki ni kibarua. Tena kibarua kisichoandikwa, kama kile alichokifanya Thadeus, na Thadeus alipokufa nikaambiwa na serikali kwamba mume wangu hakuwahi kufanya kazi! Ameachiwa shimo na mimi nimeachiwa neno hilo. Mnataka wake zenu waambiwe hivyo? Mtu amevaa barakoa yake peke yake, amesimama pale getini, nanyi mnamwonea aibu? Aibu ni yake!"

Akashuka.

Bitutu ndiye aliyetangulia. Aliacha rundo lake la nyumba ya kuku, akajifuta mikono kwenye sketi, Janat akamzuia asijikung'ute. Akaandika jina lake polepole. Kazi: kuokota na kufagia. Aliyeniagiza: akamtazama Nyamweya, akaandika. Kisha akauliza, huku akigeuza bega kumwonyesha mtoto aliyelala mgongoni, "Na huyu?"

Janat alimgeuzia daftari tena. "Mwandike naye," akasema.

Baada ya hapo walipanga foleni. Wazee waliosahau kuandika waliweka dole gumba. Nyamweya alifungua mlango wa pikapu, Janat akamwambia bila kupaza sauti kwamba akiondoka ataandika hilo pia, naye akabaki ameegemea mlango, barakoa inaning'inia. Manasseh alikaa kwenye ngazi ya darasa. Mtu mmoja alimsikia akisema, "Mimi nilidhani ni vumbi tu." Sijui kama ni kweli. Faili ilikuwa kwake, na ilikuwa na picha.

Jasper alikuwa wa mwisho. Alikuja mbele ya daftari bila kumtazama mama yake, akaandika jina. Kwenye nafasi ya kazi akaandika: risaga.

Bathsheba alikuwa amesimama nyuma yake. "Futa," alisema.

"Mama."

"Futa. Andika fundi."

Jasper alikaa na kalamu mkononi. Alitazama mbao tupu za darasa, kisha pikapu getini, na kazi iliyokuwa ikienda zake. Akalipiga mstari lile neno, akaandika fundi. Pembeni, kwenye jina la aliyemwagiza, akaandika Nyamweya kwa herufi kubwa.

Halafu, kwa sauti ndogo ambayo mama yake hakuwa ameisikia tangu akiwa mtoto, akamuuliza Janat ni baada ya muda gani mtu hujua kama vumbi limemwingia.

"Tutawapima, na tutaendelea kuwapima," alisema Janat. "Lakini huchukua muda kujitokeza. Miaka ishirini. Pengine thelathini, hata zaidi."

Jasper aliitikia kwa kichwa. Bathsheba alijumlisha umri wake na miaka ile, akaona kwamba hatakuwepo. Akachukua ndoo, akaenda kisimani kuchota maji ya kuwaogesha watu.